Maji ya Ghorofa ya Nne

Saa nne usiku, bora ikipiga madirisha ya Trieste
kama mdai aliyechoka kuahidiwa,
Bi Nives alibisha mlangoni kwangu,
beseni tupu kiunoni.
"Bwana Livio, si ulikuwa fundi bandarini?"

Nilikuwa dereva wa kreni.
Miaka thelathini na mmoja nilinyanyua mbao na magunia ya kahawa,
na injini ilipokohoa
nilishuka ngazi, nikamwita mwenye bisibisi.
Lakini ukiulizwa hivyo na jirani
aliyevaa koti juu ya nguo ya kulalia,
utajibu nini?
Nikasema, "Ngoja nichukue tochi."

Nyuma ya kioo, shuka zilielea
katika maji ya kijivu yasiyo na pa kwenda.
Mashine iliguna, ikanyamaza, ikaguna tena,
kama mtu anayetaka kukiri jambo
na kila akifungua kinywa anaghairi.

"Ni pampu," nikatamka, kwa sauti ya daktari.
"Umejuaje?"
"Mlio."
Mlio gani, Mungu ndiye ajuaye.

Tulichomoa waya. Hilo tu nilikuwa na hakika nalo.
Chini kulia pana kilango; nikakibandua kwa mpini wa kijiko,
nikatega sinia lake la kuokea mwana-kondoo wa Pasaka,
nikalegeza kichujio, kidogo, kidogo, kushoto.
Sinia likajaa. Akamwaga.
Likajaa. Akamwaga.
Baada ya mara ya nane sikuhesabu;
soksi zangu zilikuwa chapachapa
na yeye alikuwa ameacha kuniita Bwana.

Kichujio kilitoka na ndevu za nyuzi na nywele.
Ndani ya ndevu: kibanio,
kokwa ya zeituni,
liri mia moja, sarafu iliyokufa kabla mashine hii haijazaliwa,
na kishikizo cha bluu cha shati la mwanamume.
Hakusema cha nani.
Alikiosha, akakitia mfukoni mwa koti,
nami nikajishughulisha na ile kokwa,
nikiigeuza geuza kana kwamba ndiyo iliyokuwa na hatia.

Nikarudisha kila kitu mahali pake.
"Washa sasa!"
Ikaguna.
Ikanyamaza.
Ikaguna.

Basi nikaanza hotuba: huenda ni kibao cha umeme,
huenda ni chokaa ya maji ya mji huu,
vitu vya siku hizi havitengenezwi vidumu, zamani chuma kilikuwa chuma,
Jumatatu nitampigia kijana mmoja wa Monfalcone…
Nilipogeuka, Nives alikuwa amelala kifudifudi sakafuni,
tochi yangu mdomoni, shavu limebana ukuta.
"Lifio," akasema kwa meno yaliyouma tochi,
"njoo uione pampu yako."

Mpira wa kutolea maji ulikuwa umebanwa
kati ya mgongo wa mashine na ukuta,
umekunjika kama goti la anayesali.
Jumamosi, mwenyewe, kwa nyonga yake,
aliisukuma mashine nyuma
ili kabati jipya lipate kuenea.

Tukaivuta, yeye pembe hii, mimi ile.
Upana wa kiganja tu.
Kitu kikameza mate ukutani,
kisha yakaenda, gu, gu, gu, yakaenda yote,
na shuka zikalala chini kama watu waliofika nyumbani.

Hakunicheka. Hilo ndilo lililonichoma.
Alichemsha kahawa, saa sita usiku,
nikanywa nikijua sitalala.

Bomba lake hushukia nyuma ya jiko langu.
Miaka ishirini, kila Jumanne, yaliponguruma humo
niliyalaani, nikaongeza sauti ya redio.

Jumanne iliyofuata, saa tatu asubuhi,
niliyasikia yakianza kule juu.
Nikazima redio.